Bega la Profesa

Kifurushi alikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni, akishonea herufi za dhahabu kwenye pazia la jukwaa, wakati mjomba wake alipoanza kudanganya watu huko chini. Si kwamba alianza siku hiyo. Mjomba alikuwa akidanganya watu tangu Kifurushi hajaota meno, na ndiyo iliyokuwa kazi yake: alikuwa mwanamazingaombwe, watu walikata tiketi ili awadanganye. Lakini uongo wa jukwaani mtu huufuata mwenyewe, kwa miguu yake, akijua. Huu wa leo mjomba aliutoa kwa sauti ya mwalimu, mbele ya wanafunzi waliokaa kwenye viti vya plastiki na karata mikononi, nao waliupokea midomo wazi.

"Mtindo huu," alisema mjomba, "nilipewa na mzee mmoja kipofu, ndani ya behewa la treni. Yeye hakuziona karata. Karata ndizo zilizomwona yeye."

Wanafunzi wakaguna kwa raha. Kifurushi akaiuma pini. Mwaka jana mzee huyo alikuwa mfungwa, na kabla ya hapo alikuwa baharia. Kitu kimoja tu hajawahi kuwa: hajawahi kuwa mwanamke.

Mjomba watu wote walimwita Profesa. Hakuna chuo kilichompa cheo hicho. Alijiandikia mwenyewe kwenye bango lake la kwanza, na kwa kuwa hakuna aliyepinga, kikamkaa. Sasa alikuwa mzee wa nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, na Jumamosi ya wiki hiyo chama cha wanamazingaombwe kilikuwa kinamtunuku. Pazia jipya lingefunguliwa mbele ya watu, na juu yake lingesomeka jina la mtindo aliouleta duniani, MKONO WA PROFESA, lisomeke hivyo mpaka kitambaa kioze. Fundi wa mapazia aliyepewa kazi hiyo ni mpwa wake mwenyewe, binti wa dada yake, kwa bei ya kindugu. Alikuwa ameshashona MKONO, ameshashona WA, na sasa P ilikuwa mkononi mwake, imekatwa vizuri, na mkono ulikuwa unakataa.

Asiyecheza karata aelezwe, asibaki nyuma. Mgawaji anashika karata zote kwenye mkono wa kushoto. Kidole gumba kinasukuma ile ya juu, mkono wa kulia unakuja kuichukua, na anayetazama yuko tayari kula kiapo kwamba imechukuliwa. Wapi! Gumba limeirudisha nyuma kwa upana wa ukucha, na mkono wa kulia umeondoka na ile iliyokuwa chini yake. Ya juu imebaki pale pale, inamngoja mgawaji aitake. Wenye kazi yao huita kugawa ya pili, na njia za kuifanya ni nyingi. Njia ya Profesa ilijulikana kwa jambo moja: gumba linaporudi, mgongo huinama kidogo, bega hurushwa juu mara moja, kisha hushuka.

"Bega!" mjomba alifoka. "Bila bega hakuna mtindo. Bega ndilo roho yake!"

Na ukumbi mzima ukarusha mabega.

Kulikuwa na kijana mrefu wa mkono wa kushoto, ambaye alirusha bega la upande wa pili na kuita mtindo wake Profesa Kinyume. Kulikuwa na mwenye miwani aliyegeuza bega kuwa shingo, akawa anapinda shingo kama kuku anayesikiliza. Mama mmoja mnene, mcheshi, aliyefanya maonyesho kwenye sherehe za watoto, hakutaka bega wala shingo, yeye alikohoa. Tena zilikuwepo kambi mbili zisizosalimiana kwa sababu ya swali moja: bega lipande kabla ya gumba, au pamoja na gumba? Watu wazima, wenye nyumba zao na wake zao, walinuniana kwa jambo hilo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza bega linatafuta nini pale.

Kifurushi alijua. Alijua tangu utotoni, na ndiyo maana hasira ilimshika mpaka akaona ashuke kwenye ngazi kabla hajaanguka. Lile bega lilikuwa ni yeye.

Alimngoja mjomba kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo mpaka wanafunzi wote walipotoka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Kifurushi. Pazia linaendaje?"

"Limefika kwenye P. Nina swali kabla sijaishona. Huyo mzee wa kwenye treni, alikuwa na mtoto mgongoni?"

Mjomba aliacha kufungua vifungo vya koti. "Usianze."

"Sijaanza. Nimechelewa kuanza."

"Mama yako alikuwa msaidizi wangu. Mabango yapo, yanasema hivyo. Watu walikuwa wanakuja kumtazama nani?"

"Walikuwa wanakuja kukutazama wewe, na anayewadanganya ni yeye. Mikono yako ilikuwa inatoka jasho, mjomba. Karata zilikuwa zinakuganda vidoleni."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Nilikuwepo. Nilikuwa mgongoni."

Mjomba alicheka kile kicheko chake cha jukwaani, kinachoanzia kifuani na kuishia hapo hapo. Akamshika bega, kwa upole, jambo lililomuudhi zaidi.

"Sikiliza, mwanangu. Mtindo si wa aliyeuota, ni wa aliyeubeba. Mimi nimeubeba miaka yote hii. Nimeufundisha, nimeutembeza. Bila mimi ungefia jikoni kwa mama yako, katikati ya masufuria. Jumamosi mlete, atakaa kiti cha mbele. Nitamtaja."

"Utamtaja kama nani?"

"Kama dada yangu mpendwa. Nenda kashone herufi zako."

Aliyeubeba! Kifurushi alilirudia neno hilo njia nzima mpaka nyumbani, kwa sauti, na watu walimpisha barabarani. Mtu anaiba, halafu anasema amebeba. Na wezi wote si wamebeba? Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na huyu alikuwa kwenye nguo za mama yake tangu walipokuwa wakilala kitanda kimoja.

Mama alikuwa amekaa dirishani, mikono imelala mapajani. Baridi yabisi ilikuwa imeikakamaza. Vidole vilipinda vyote upande mmoja, na kikombe alikishika kwa viganja viwili. Ulimi ndio uliobaki mzima. Ukoo mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa tangu usichana wake alisema bila kituo, na hata jukwaani, karata zikiwa mkononi, hakunyamaza.

Kifurushi hakukaa. Alimwaga yote akiwa amesimama: treni, kipofu, herufi ya P, kiti cha mbele. Alitegemea mama alie, au amtukane kaka yake tusi moja la haja. Mama akapiga miayo.

"Kaka yangu huyo! Toka utotoni akikuta kitu cha mtu anasema, kumbe kipo hapa, anatia mfukoni. Nilishamsamehe. Si kwa wema, nilichoka tu."

"Mimi sijachoka."

"Wewe bado una nguvu. Haya, niambie, hao wanafunzi wake mikono yao ikoje?"

"Mizuri. Kuna wawili watatu wazuri sana. Ila wote wanarusha bega."

Mama aligeuza kichwa polepole. "Wanarusha nini?"

"Bega. Mjomba anasema ndilo roho ya mtindo."

Hapo ndipo Kifurushi alipoiona hasira ambayo hajawahi kuiona kwa mama yake, hata siku ya msiba wa baba. Mama alipiga mkono wa kiti kwa ile mikono yake mibovu, mara ya kwanza, mara ya pili, bila kujali maumivu.

"Roho? Lile ni kosa! Kosa langu mimi! Nilikuwa na mtoto mgongoni!"

Mambo yalikuwa hivi. Kabla ya jukwaa, Chiriku alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akigawa karatasi kwa mkono. Kila rundo lilikuwa na karatasi ya juu ya kuzuia vumbi, na msimamizi hakutaka itoke mpaka rundo liishe. Wenzake waliiinua, wakachomoa ya chini, wakairudisha, kutwa nzima. Chiriku aliona huo ni upumbavu. Akajizoeza kuibana ya juu kwa gumba na kuitelezesha ya pili kwa kidole cha mkono mwingine, bila kutazama, huku akipiga soga na jirani yake. Kaka yake alipoanza maonyesho, na mikono ikawa inamtoka jasho mbele za watu, alimwita dada yake asimame pembeni amgawie karata. Naye alikwenda na alichokuwa nacho, yaani ujuzi wa karatasi na mtoto mchanga asiye na mtu wa kumwachia.

Mtoto wa mbeleko huteleza, ndiyo desturi yake. Kila alipoteleza, Chiriku aliinama kidogo, akamrusha juu, akakaza. Na akagundua kwamba kila anapomrusha, macho ya ukumbi mzima yanamfuata mtoto. Wanawake wanatabasamu, wanaume wanasema pole mama, na hakuna anayekumbuka karata. Basi akaanza kuichukua ya pili wakati huo huo. Mtindo ulizaliwa hivyo. Hakukuwa na treni, hakukuwa na kipofu, labda waliokuwa wakitazama.

Mjomba alijifunza kwa kumwangalia, na alichukua kila kitu. Alichukua mpaka mtoto, yeye asiye na mtoto mgongoni. Kifurushi alipoanza kutembea, Chiriku aliliona bega limebaki peke yake, halina kazi, linamchongea mgawaji kwa kila mwenye macho. Akaanza kuling'oa. Ilikuwa kazi ya muda mrefu, ugali wa usiku ukingoja jikoni au usingoje. Hapana, hapo mama mwenyewe angekatiza na kusema hakuwahi kuchelewesha chakula cha mtu. Aliifanya mchana, mtoto akicheza sakafuni. Alifundisha gumba lisirudi hata kidogo, likae tu, na siri yote ihamie kwenye mwendo: kila karata itoke kwa mdundo mmoja, ya kweli na ya uongo, kama maneno yanavyomtoka mtu anayepiga soga. Alipoimaliza alikwenda kumwonyesha kaka yake. Kaka alisema watazamaji wameshazoea bega, na isitoshe ameshapata msaidizi mwingine, mwembamba, asiye na mtoto.

"Kuniibia ni kitu kimoja," mama alisema, akihema. "Lakini aliiba nguo sijamaliza kuishona! Akaivaa na nyuzi zinaning'inia, na leo anawafundisha watoto wa watu kuning'iniza nyuzi. Nikifa wataendelea. Watakuwa wanarusha bega kwenye kaburi langu." Akamtazama binti yake. "Ile isiyo na bega, bado unayo?"

Kifurushi alikuwa nayo, na aliipata kwa machungu. Kwenye nyumba ile aliyepewa karata ya ree ya shupaza ndiye aliyeosha vyombo, na mgawaji alikuwa mama. Utoto wote wa Kifurushi ulipita kwenye beseni la sabuni. Alilia, akanuna, akasema karata zinamchukia. Mwishowe, kwa hasira tupu, alikaa akaitazama mikono ya mama yake mpaka akaijua. Siku aliyomgawia mama ree ya shupaza, mama aliosha vyombo huku anaimba, na jirani akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Wakatoa karata kwenye droo. Jioni hiyo, na nyingine zilizofuata, Kifurushi aligawa juu ya meza ya kulia na mama akamtazama kwa jicho la msimamizi wa kiwanda.

"Gumba limetikisika. Tena."

"Halijatikisika, mama."

"Limetikisika. Unamfikiria mjomba wako. Una hasira, na hasira inakaza vidole. Kasirika kuanzia kwenye kiwiko kwenda juu. Huku chini ni kazini."

Ijumaa mama aliacha kusema chochote. Alikaa anatazama mikono ya binti yake inavyokwenda, na yake mwenyewe, iliyokunjika mapajani, ilikuwa ikicheza kidogo kidogo kwa mdundo ule ule. Kifurushi aliona, akajifanya hajaona, na usoni akawa na moto.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mama aliwekwa kiti cha mbele kama ilivyoahidiwa, amevaa gauni lake la kijani, mkoba umekaa juu ya magoti. Mwenyekiti wa chama, mtu mfupi aliyependa kipaza sauti kupita kiasi, alimsifu Profesa hadi feni ikaonekana kuchoka. Kisha Profesa mwenyewe akasimama. Akasimulia treni. Akasimulia kipofu. Na akatimiza ahadi yake.

"Leo tuko naye pia dada yangu mpendwa," alisema, "ambaye zamani zile alinishikia kofia."

Watu wakapiga makofi ya adabu. Kofia! Kifurushi, aliyekuwa amesimama kando ya jukwaa na aproni yake ya kazi, alihisi damu imempanda mpaka masikioni. Angalau angesema karata. Angesema meza. Mama yake hajawahi kushika kofia ya mtu yeyote.

"Na sasa," alisema mwenyekiti, "pazia!"

Kamba ikavutwa, pazia likajikunjua kwa uzuri wake wote mwekundu, na watu wakasoma: MKONO WA. Baada ya hapo kilikuwa kitambaa kitupu.

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti alitazama juu, akatazama chini, akamwona fundi. "Mama, mbona kazi haijaisha?"

"Herufi ninazo, mwenyekiti," alisema Kifurushi, akapiga mfuko wa aproni. "Nimezikata za aina mbili. Sijajua nishone zipi. Naomba karata na meza, halafu mtaniambia wenyewe."

"Kifurushi," mjomba alisema kwa sauti ya chini, "shuka."

"Mpeni karata!" alipaza sauti yule mama wa sherehe za watoto kutoka katikati ya ukumbi. Alikuwa mtu asiyependa kukosa kitu. Wengine wakaitikia, na mwenyekiti, ambaye alikuwa na hofu ya ukumbi wenye kelele, akatoa meza.

Kifurushi alimwita kijana mrefu wa mkono wa kushoto. Akamwambia achague karata, aiandike jina lake usoni kwa kalamu, awaonyeshe watu. Ilikuwa tisa ya kopa. Akaiweka juu ya karata zote, mbele ya macho yao, uso chini.

"Ya juu ni ya nani?"

"Yangu," alisema kijana.

"Basi nitagawa kutoka juu. Ikitoka, niambie."

Akagawa. Kila karata aliigeuza mezani uso juu ili wote waone. Ikatoka saba ya uru. Ikatoka ree. Ikatoka pao, ikatoka shupaza, moja baada ya nyingine, kwa mwendo mmoja, na tisa ya kopa haikutoka. Wanafunzi waliinuka kwenye viti. Kambi ya kabla na kambi ya pamoja zilisogea mbele bega kwa bega, kwa mara ya kwanza tangu zigombane, na wote walikuwa wakitazama mabega ya mwanamke yule. Hayakusogea. Waliangalia shingo. Walingoja kikohozi. Kifurushi alikuwa na hasira kuanzia kwenye kiwiko kwenda juu, na huku chini vidole vilikuwa kazini. Karata zikazidi kupungua mkononi mpaka ikabaki moja, akampa kijana aigeuze mwenyewe. Tisa ya kopa, na jina lake juu yake.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, walipiga viti, mwenye miwani alivua miwani akaifuta. Na katikati ya makelele hayo Profesa alikuwa ameshamfikia mwenyekiti, ameshakichukua kipaza sauti, ameshamkumbatia mpwa wake kwa mkono mmoja.

"Mnaona damu?" alisema. "Mnaona malezi? Hii ndiyo niliyokuwa nimewaficha, ndugu zangu, siri ya mwisho ya yule mzee. Nilimfundisha huyu mtoto peke yake, ili isipotee!"

Na wakampigia makofi yeye. Makofi ya nguvu kuliko yale ya kwanza.

Kifurushi alitaka kumtupia meza. Alitaka kulia, jambo ambalo lingemfurahisha mjomba. Alimtazama mama yake, na mama hakuwa akimtazama yeye wala mjomba. Alikuwa akiitazama ile pakiti ya karata. Kifurushi akaelewa. Akakusanya karata mezani, akazipanga, akairudisha tisa ya kopa juu, akazisukuma kwenye mkono wa mjomba wake.

"Basi tuonyeshe, mjomba. Uliyenifundisha."

"Leo ni siku ya..."

"Tuonyeshe, Profesa!" walisema wanafunzi wake mwenyewe, kwa mapenzi kabisa. Waliamini. Mapenzi yao ndiyo yaliyomfunga.

Alianza vizuri. Gumba, mkono, karata mezani, na bega likaruka. Watu walitabasamu, walilijua lile. Akagawa nyingine, na bega likaruka. Akakaza shingo, akajaribu kulizuia, na karata iliyotoka ikawa tisa ya kopa yenyewe. Akaicheka, akairudisha, akaanza upya. Bega. Tena bega. Miaka yote ile gumba na bega vilikuwa vimeshonwa kwa uzi mmoja, na huwezi kuvuta kimoja kingine kisije. Jasho likamtoka. Karata zikaanza kumganda vidoleni, zikatoka mbili mbili, na yeye akaendelea, anainama, anarusha, anakaza, anainama, anarusha, anakaza. Tabasamu zilianza kufifia moja moja.

"Ee!" alisema yule mama wa sherehe za watoto, ambaye amelea wa kwake na wa wenzake. Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu akasikia. "Huyu si anabeba mtoto?"

Wanawake waliona kwanza. Mmoja akashika mdomo. Kisha wanaume wakaona, na kicheko kikaanza kwenye ngazi huko nyuma, kikashuka mstari kwa mstari. Mzee wa nywele nyeupe alikuwa amesimama chini ya taa akimbembeleza hewa. Kifurushi alikuwa amekingoja kicheko hicho maisha yake yote, na sasa kilipokuja hakikumpa raha hata kidogo, kilimzidishia hasira, kwa sababu aliyechekwa mgongoni mwa mjomba alikuwa bado ni yeye.

Mama yake alisimama. Ilimchukua muda, na mwenyekiti alishuka kumshika mkono. Kicheko kikakatika.

"Mtue, kaka," alisema Chiriku. "Ameshakua. Huyo hapo mbele yako."

Bega lilikuwa limeanza kupanda kwa ajili ya karata nyingine. Likabaki katikati. Kisha likashuka, na mjomba akaziweka karata mezani, taratibu, kana kwamba zingeamka.

Mwenyekiti alikohoa. "Profesa. Tushone nini?"

Mjomba alimtazama dada yake. "Chiriku," alisema, kama anayetoa mwiba kooni.

"Kwenye kipaza sauti," alisema Kifurushi.

"Chiriku," alisema mjomba, na ukumbi mzima ukasikia, mpaka kwenye ngazi. Halafu akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha fundi.

Hasira haikumwisha Kifurushi. Mwenye kovu usidhani kapoa, na jina moja lililotolewa kwa shida halilipi nusu ya maisha. Hata hivyo aliisogeza ngazi, akapanda, akatoa herufi mfukoni, akaanza kushona pale pale, na hakuna mtu aliyeondoka. Kijana wa mkono wa kushoto alimshikia ngazi. Machozi yalimzuia kuona uzi.

"Hiyo C imelala upande!" mama yake alipiga kelele kutoka kiti cha mbele.

Kifurushi aliifumua, akaanza upya.